Sauti ya Mama Mkwe Kwenye Kishikwambi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kishikwambi kimefika! Kimeletwa na gari la wilaya, ndani ya boksi, ndani ya mfuko, ndani ya boksi jingine. Mimi Stanslaus, Mganga Mfawidhi wa zahanati hii, nimesaini kukipokea. Kazi yake ni kuzuia vijana wasianze ulevi. Kijana akija kutibiwa, hata kama ni kidonda cha mguu, anapewa kishikwambi. Kinamuuliza kwa sauti mambo ya pombe, bangi, sigara na ugoro, naye anabonyeza majibu. Akionekana yuko hatarini, kinatuelekeza namna ya kumsaidia kabla mambo hayajaharibika. Kitu kizuri sana kwa kijiji chetu, ambako ukitoka kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu unaingia kilabu cha gongo, na ukitoka kilabuni unaangukia karasha jingine.

Lakini habari kubwa siyo hiyo. Bwana Evance, ofisa kijana aliyekileta, amesema wilaya inatafuta Mratibu wa Vishikwambi, atakayezunguka zahanati zote za upande huu hadi Rwamgasa. Mratibu atapewa pikipiki. Mpya! Atatoka kwenye zahanati itakayofanya vizuri kuliko zote.

Nesi Coletha alikuwa anasikia. Akasema heri yake atakayeipata. Nimeyaona macho yake. Huyu mwanamke anaitaka pikipiki yangu.

Jioni nimenunua helmeti.

Jumanne, 6 Mei

Tumeanza, na tumeanza kwa kudharauliwa. Ukikiwasha tu, kabla ya swali lolote, kinasema: "Mhudumu, mzazi au mlezi, tafadhali toka nje. Mwache kijana ajibu peke yake." Mimi? Nitoke kwenye chumba changu, nimwache mtoto wa kidato cha pili na mali ya serikali? Coletha, aliyepelekwa mafunzo ya siku mbili na kurudi profesa, akanieleza kwamba hiyo ndiyo roho ya mpango wote. Nikamwambia roho ya mpango ni mimi. Nikapekua kwenye mipangilio mpaka nikalipata lile tangazo. Nimelizima.

Kisha nikaweka utaratibu wenye heshima. Kijana anakaa katikati. Baba yake kulia. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Maganga, kushoto, kwa niaba ya serikali. Mimi nyuma, nikichungulia begani, kuhakikisha habonyezi pasipomhusu.

Matokeo safi! Foleni nzima imejibu hapana. Hata Enock, anayebeba mawe pale karashani na ambaye leo alinuka gongo mpaka macho yakaniwasha, alibonyeza hapana kwenye kila swali. Alibonyeza hapana hata alipoulizwa kama yeye ni Enock.

Nyumbani, binti yangu Nelly bado anakula pipi kifua mfululizo. Hawezi kuongea na mtu bila kuwa nayo mdomoni. Nimempa dawa ya kikohozi. Paskalina, mama yake, akauliza mbona mtoto hakohoi. Ndiyo maana mimi nilisomea utabibu na yeye hakusomea.

Alhamisi, 8 Mei

Evance amepiga simu. Mfumo umetuwekea alama nyekundu! Anasema hiki ni kijiji cha machimbo, na kwa majibu yetu hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kunusa kizibo cha bia. Hata seminari isingeleta majibu kama hayo. Hayaaminiki. Atakuja mwenyewe Ijumaa ya wiki ijayo atuone tunavyofanya, na baada ya hapo ndipo wataamua habari ya pikipiki.

Coletha akapendekeza turudishe lile tangazo la watu wazima kutoka nje. Nikamwambia nimemsikia. Kumsikia mtu siyo kumkubalia.

Nimekaa peke yangu nikafikiri, na tatizo nimeligundua. Ni sauti. Kile kifaa kinaongea kwa sauti ya binti mpole, anayesema "tafadhali" kama anakuuliza unywe chai ya rangi au ya maziwa. Nani atatoboa siri mbele ya sauti ile? Vijana wetu wanataka sauti ya kutisha. Sauti ambayo ukiisikia, uongo unakufia kooni.

Mwalimu ameniita. Nelly anasinzia darasani. Nimempima malaria: hana. Nitampima tena kesho, huenda kile kipimo nacho kimechoka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimehangaika kutwa nzima kutafuta sauti. Mwenyekiti Maganga alijitolea, lakini akipandisha mori sauti yake inakuwa nyembamba, vijana wangevunjika mbavu. Katekista alikataa. Akasema mambo ya kuungamisha yana padre, na padre hatumii betri.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Nikakaa na sahani yangu ya ugali na sato. Tonge la pili, nikasikia kutoka nje ya uzio: "Hodi!"

Mama Mkwe!

Mwili ulinyanyuka kabla ya akili. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na sahani yangu mkononi, nikachuchumaa nyuma ya banda la kuku, na nikamalizia kula huko kwa heshima zote. Mila ni mila. Mkwe mwenye adabu hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hali mbele yake, wala hamtaji jina. Naye kwa wema wake hubisha hodi mapema ili tumpishe. Nimeoa miaka mingi na uso wake siujui vizuri. Miguu yake ningeitambua hata mnadani.

Na hapo hapo, katikati ya kuku, jibu likanijia. Kama sauti ile inamkimbiza mtu mwenye diploma na tonge mdomoni, itamfanya nini mtoto wa shule?

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nimeandika maswali yangu. Makali! "Wewe kijana! Umekunywa nini, lini, na nani? Ukidanganya tutajua!" Kishikwambi kina sehemu ya kurekodi maswali kwa sauti ya mtu wa hapa hapa, kwa ajili ya wanaochanganya Kiswahili na Kisukuma. Kwa hiyo kitaalamu siibi wala sivunji sheria.

Shida ni kwamba siwezi kumwomba Mama Mkwe. Nikamtuma Paskalina. Akaniuliza kwa nini mama yake, wakati kijiji kina watu wengi. Nikasema ana sauti nzuri. Alinitazama muda mrefu, lakini akaenda. Jibu limerudi kwa njia ile ile: amekubali, na tusisahau sukari.

Jumatatu, 12 Mei

Tumerekodi. Mama Mkwe alikuwa jikoni, na Nelly akimshikia kishikwambi. Mimi nilikuwa nje, nimeupa ukuta mgongo. Paskalina alibeba maagizo yangu kuingia na majibu kutoka. Nikasema mwambie akaze sauti. Paskalina akaingia. Kicheko. Akatoka akasema amekaza. Nikasema mwambie asicheke, hii ni kazi ya serikali. Akaingia. Sasa vicheko vikawa vingi, na cha mke wangu kimo. Nikamsikia na Nelly akicheka. Nyumbani kwangu sijakisikia kicheko hicho tangu mvua za vuli. Dawa ya kikohozi inaanza kufanya kazi.

Baadaye vicheko viliisha. Mama Mkwe akawa anaongea peke yake kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Nelly alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Moshi. Nimemwambia asikae karibu na mafiga.

Kukagua kazi sijaweza. Kukagua maana yake ni kukaa chumba kimoja na Mama Mkwe akiongea, na hilo halipo. Nimempa Coletha akague. Nimemuuliza kama maswali yangu makali yamo. Akajibu kwamba yamo yote yanayotakiwa. Alikuwa anafuta machozi. Yametisha!

Jumatano, 14 Mei

Mkosi juu ya mkosi. Jana umeme wa zahanati ulikatika, nikakileta kishikwambi nyumbani kukichaji kwa sola. Tukiwa tunakula, kikajiwasha chenyewe juu ya kabati. "Hodi!" Kushtuka, niko banda la kuku. Safari hii sahani nimeisahau mezani, na kuku walinitazama kama mgeni anayezidisha kuja. Nikampigia kelele Paskalina akizime. Akasema hajui pa kubonyeza. Naamini anajua. Mwishowe alikifunika kwa kanga, lakini Mama Mkwe akaendelea kuongea ndani ya kanga, nami nikaendelea kukaa na kuku.

Leo asubuhi Coletha alikuja kukichukua. Nilikutana naye njiani, amekishika mkononi na kinaongea. Nikaacha njia. Nikaingia kwenye shamba la mihogo la watu na kuinamisha kichwa mpaka wakapita. Nimeandika "wakapita". Wingi! Tayari nakihesabu kama mtu.

Mwenye shamba ameniuliza natafuta nini kwenye mihogo yake. Nimemwambia nakagua mazalia ya mbu.

Nelly: malaria hana. Taifodi hana. Naanza kushuku minyoo.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Evance alifika amevaa suti. Vijana walijaa kwenye mabenchi, Nelly na Enock wakiwemo. Wazazi walisimama kandokando ya kuta zote, wamekunja mikono. Mwenyekiti Maganga alikaa mbele. Nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi. Helmeti niliiweka mezani, ionekane kama imesahauliwa pale. Nikatoa hotuba fupi, ikawa ndefu. Nikasema leo mtasikia sauti ambayo hakuna kijana wa kuidanganya. Nikabonyeza.

"Hodi! Wakwe zangu mliomo humo ndani, nipisheni. Nataka kuongea na wajukuu zangu."

Nilitoka kwa dirisha la kutolea dawa. Ni dirisha dogo, na koti limebaki. Maganga, ambaye amemwoa mtoto wa mdogo wake Mama Mkwe, kwa hiyo naye ni mkwe halali, alipita mlangoni na kuondoka na pazia. Lakini nilipofika nyuma ya tenki la maji nilikuta mtu ameshanitangulia. Evance! Suti na yote, amechuchumaa kwenye tope.

Akanieleza huku akihema. Amemposa Klara, kitinda mimba wa Mama Mkwe. Ng'ombe walishafika, ndoa ni Agosti. Kumbe ofisa wa wilaya ni mwanyumba wangu mtarajiwa! Nikamkaribisha kwenye ukoo. Akanisihi nishushe sauti, asije akasikika.

Kule ndani, akina baba walipoona mwenyekiti na ofisa wanakimbia, walijua ni nyoka. Wakatoka mbio. Akina mama wakatoka kuwauliza yuko wapi nyoka. Kufumba na kufumbua, zahanati nzima ikabaki na vijana watupu, wanacheka mpaka mabenchi yanalia.

Ndipo Coletha akafanya ujeuri wake. Badala ya kuahirisha mkutano, aliwapanga vijana foleni, akakiweka kishikwambi kwenye chumba cha chanjo, akawa anamwingiza mmoja mmoja peke yake na kufunga mlango. Yeye mwenyewe alikaa nje ya mlango huo anafuma kitambaa. Hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kusogea. Sisi wakwe ndiyo kabisa, maana kila kijana mpya akiingia, sauti ilivuja dirishani, "Hodi! Wakwe zangu mliomo humo ndani," na sisi tuliokuwa tumeshaanza kunyanyuka tukarudi kuchuchumaa. Kutwa nzima. Magoti yangu yamekuwa ya mzee.

Na pale nyuma ya tenki ndipo niliposikia maswali kwa mara ya kwanza. Hayakuwa maswali yangu!

"Karibu, mume wangu mdogo. Kama ni binti, karibu mke mwenzangu. Keti. Mimi ni bibi, bibi hachapi, na siri ya mjukuu haitoki kwa bibi. Hebu nambie, umeshaonja nini? Na ni nini kilikuumiza moyo hata ukaonja?"

Utani! Utani wa bibi na wajukuu kwenye mali ya serikali! Nilimtaka atishe, yeye ameita waume wadogo. Nikataka kumweleza Evance kwamba maswali yangu yalikuwa makali na ushahidi ninao. Akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa anasikiliza.

Enock aliingia akicheka na akatoka kimya. Nelly alikaa humo kuliko wote. Nadhani betri ilimsumbua.

Jioni matokeo yakatoka. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Gongo, bangi, vichupa vya pombe kali ndani ya mabegi ya shule, wavulana kwa wasichana. Kijiji kizima hovyo, na mbele ya mgeni. Nimekwisha! Na bado nashangaa, wasichana wa watu hao wanalelewa wapi?

Jumatatu, 19 Mei

Evance amepiga simu. Alama nyekundu imeondoka! Sisi ndio zahanati ya kwanza yenye majibu ya kuaminika, na wengine wataletwa kujifunza kwetu. Nilivaa helmeti nikiwa bado kwenye simu, nisikie vizuri jina la Mratibu.

Coletha.

Nilimuuliza Evance kosa langu nini. Akasema wamempa Coletha kwa sababu ameelewa kwamba watu wazima lazima watoke nje. Nikamkumbusha kwamba mtu mzima wa kwanza kutoka nje ni mimi, tena kwa dirisha. Akasema hilo ameliweka kwenye taarifa. Nikamwambia hivi ndivyo wanyumba wanavyotendeana? Simu ikakatika. Mtandao wetu ni mbovu.

Kama Mganga Mfawidhi nikadai kuona nani amejibu nini. Kishikwambi kikaniandikia kwamba sina ruhusa. Mimi, niliyesaini kukipokea! Coletha akasema ameahidi vijana, na ahadi haina cheo. Akaniambia tu kwamba baadhi yao wameomba msaada, na kwamba atakutana nao kila Jumamosi uani kwa Mama Mkwe. Hapo ndipo mahali pekee kijijini ambapo ana hakika sitasogea.

Kisha akaniomba helmeti. Nimempa. Imemkaa kuliko ilivyonikaa mimi, na hilo limeniuma mpaka sasa.

Jumapili, 8 Juni

Habari njema! Nelly amepona. Pipi kifua sizioni tena. Mwalimu anasema hasinzii, na juzi amenyoosha mkono darasani. Jumamosi zote anashinda kwa bibi yake pamoja na Coletha na wenzake, akiwemo Enock, na wanarudi wanapiga soga njia nzima. Mabadiliko ya hewa nayo yamesaidia, lakini mimi najua kilichofanya kazi. Ile dawa ya kikohozi ni kiboko. Nimemweleza Paskalina kwamba mtaalamu haangalii kama mgonjwa anakohoa, anaangalia mbali. Akaniwekea mkono begani, akasema Baba Nelly, pole na kazi. Ni nadra mke wangu kunielewa hivyo.

Na habari njema zaidi. Nimekaa nikachambua mafanikio ya ile Ijumaa kitaalamu, na nimeona tulipokosea. Sauti ilikuwa laini mno, na ndani ya chumba hakukuwa na mtu mzima hata mmoja. Ni bahati tu kwamba vijana walisema kweli. Kwa hiyo naandika mpango mpya wa kupeleka mkoani moja kwa moja, wilaya wasiuone. Wazazi wote watakaa ndani, milango itafungwa kwa nje, na maswali yatasomwa na Baba Mkwe, ambaye alikuwa sungusungu. Mkoani hawatoi pikipiki. Mkoani wanatoa gari.

Nikiwa ukurasa wa pili, Nelly akaja akasimama mlangoni. Alikuwa anaminya ncha ya kanga yake. Akasema, "Baba, nataka kukwambia kitu. Kuhusu mimi."

Nikamwambia asubiri, asinikatize, naandika mpango wa kuwafanya vijana waongee na wazazi wao.

Aliiachia ile kanga. Kisha akasema haina neno, atakuja siku nyingine, na kwamba Bibi anajua tayari. Akanirudishia mlango taratibu. Mtoto mwelewa sana huyu. Nimeanza ukurasa wa tatu.